Ndoo ya Khairat Kwenye Gwaride

Khairat wangu alipojiandikisha mafunzo ya mgambo hapa Ipagala, sikumkataza. Marehemu baba yake alipenda sana nidhamu. Dua yangu ilikuwa moja tu, asikose gwaride la kufunga mafunzo.

Maana miguu ilikuwa haimsikii. Akitupa mguu wa kulia, na mkono wa kulia unakwenda nao. Wenzake walicheka mpaka bunduki zao za miti zikawaponyoka.

"Unatembea kama kabati linalohamishwa," Gladness, mwenzake wa mstari mmoja, alimwambia.

Jumatano nilisimama pembeni ya uwanja kuwatazama. Mkufunzi wao, Afande Yotham, akanifuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, afande."

"Binti ana moyo. Ila nampa mpaka Ijumaa. Asipobadilika, siku ya gwaride atabaki jikoni kupika."

Nilirudi nyumbani, nikaswali alasiri, nikakaa mlangoni. Khairat akaja kutoka bombani, ndoo kichwani, hajaishika. Nikamtazama vizuri. Mguu wa kushoto, mkono wa kulia. Mguu wa kulia, mkono wa kushoto. Hakukosea hata hatua moja.

"Rudi bombani," nikamwambia.

"Mama, si imejaa?"

"Rudi nayo hivyo hivyo, halafu uje tena."

Siku mbili hizo, kila baada ya swala ya alfajiri, alizunguka uani na ndoo yake. Nilimwambia asihesabu miguu, achunge maji tu. Ijumaa afande akampitisha.

Siku ya gwaride kikosi kilikuja na vumbi lake. Khairat shingo imenyooka, mikono inakwenda sawa. Ilipotoka amri ya kumtazama mgeni rasmi, vichwa vyote viligeuka mara moja. Cha Khairat kikageuka polepole, kama cha mtu anayeogopa kulowa. Nikafumba macho. Nilipofumbua, miguu yake ilikuwa bado pamoja na ya wenzake. Alhamdulillahi.

Baadaye nilimweleza Afande Yotham habari ya ndoo. Akacheka, akajifuta macho.

"Ya lita ngapi, mama?"

"Ishirini."

"Ndiyo maana shingo ilichelewa. Ungempa ya kumi."

Jioni nikamtuma Khairat maji.

"Mama, mimi sasa ni askari."

"Hata askari anaoga."

Akachukua ndoo. Nilibaki mlangoni namwangalia mpaka akakata kona, mguu wa kushoto, mkono wa kulia.