Chupa Mbili za Bita

Kila asubuhi, kabla yai la kwanza halijavunjwa, Mama Matone aliichukua chupa ndogo ya bita kutoka kwenye rafu, akadondosha tone moja juu ya mgongo wa kiganja chake cha kushoto, akalilamba, akafumba macho kidogo, kisha akasema, "Haya." Hiyo ndiyo ilikuwa kengele ya kazi. Binti yake akiisikia "haya" alivunja mayai, akawasha mashine ya kukorogea, na siku ikaanza.

Asubuhi moja alilamba, na "haya" haikuja.

Akadondosha tone la pili. Akalilamba. Akautazama mkono wake kama mtu aliyeibiwa kitu mchana kweupe.

"Chupa hii wameichakachua," alisema.

"Mpya hiyo, mama. Nimeifungua jana."

"Basi wameichakachua ikiwa mpya."

Akaiinamisha juu ya bakuli la keki ya tangawizi na kuanza kutikisa. Akatikisa, akatikisa, mpaka mchanganyiko ukaingia wekundu wa kutu. Binti alisimama na yai mkononi. Maneno "inatosha, mama" yalimfika kooni yakakaa hapo hapo. Tangu shuleni walimwita Kimya, na hakuwahi kulipinga jina hilo, kwa sababu kulipinga kungemlazimu aongee.

Bita si kinywaji. Ni mizizi, magome, viungo na maganda ya machungwa yaliyolowekwa kwenye pombe kali mpaka yakatoa uchungu wao wote, na watu wa baa huidondosha kidogo kidogo kwenye glasi za wateja. Marehemu baba, aliyezeekea nyuma ya kaunta ya hoteli, ndiye aliyeleta chupa ya kwanza nyumbani. Mama hakuwahi kuonja hata bia, lakini aligundua kwamba uchungu kidogo ndani ya keki ya tangawizi huifanya tangawizi isimame wima. Baada ya hapo hakuna chakula kilichopona. Krimu ilipata tone lake, chokoleti ikapata, maembe yaliyochemshwa na sukari yakapata, hata mchuzi wa nyama wa mchana haukushuka jikoni kabla haujadondoshewa. Duka lao la keki likajulikana, mama akawa Mama Matone, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Siku ile mteja wa kwanza alikuwa fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye kila asubuhi alinunua kipande kimoja na kukilia pale pale dirishani ili apate na maneno ya bure. Alitafuna, akasimama, akatafuna tena polepole.

"Dada," alisema, "hii ni keki au dawa ya minyoo?"

"Ulimi wako umezoea gundi," mama akamjibu. "Kitu kizuri kikipita unashtuka."

"Nashtuka kweli. Nahisi hata minyoo ya marehemu babu imetoka."

Wakacheka wote wawili. Kimya akaingia ndani, akamega kipande, akakiweka mdomoni. Ulimi ulimsinyaa kama ngozi iliyoanikwa juani. Aliitoa trei nzima kwa mlango wa nyuma, akarudi kupima unga upya, na mama alipouliza keki zimekwenda wapi, alisema zimenunuliwa.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Hakuwa mtu wa uongo, na kama wengi wasiouzoea, aliposhika mmoja hakujua pa kuutua.

Siku zilizofuata alianza kuona alichokuwa amekipita tu. Mama alikunywa chai yenye maziwa yaliyoganda, akasema imekolea. Alipita karibu na jiko la gesi lililofunguliwa bila kuwashwa, harufu imejaa chumba kizima, yeye anaimba. Ilikuwa ni ile homa iliyompata mama kabla tu ya asubuhi ile. Ilimlaza wiki nzima, akanyanyuka mwepesi, kila mtu akamshukuru Mungu kwamba imepita bila kuacha kitu. Kumbe haikuondoka mikono mitupu. Ilikuwa imebeba pua yake na ulimi wake.

Ungedhani ni jambo la kusema tu. Mama, huonji tena, niachie mimi. Lakini kulikuwa na kaka mkubwa.

Kaka mkubwa aliishi mji mwingine, katika nyumba yenye vigae, na alipiga simu kila Jumapili. Alikuwa anampenda mama yake kwa namna ya watu wenye nafasi: alitaka kumweka mahali.

"Mdogo wangu, niambie ukweli," alisema. "Mama anaweza bado? Maana akianza kuyumba tu, nakuja kumchukua. Chumba kipo, televisheni ipo, apumzike."

"Yuko sawa, kaka."

"Una uhakika? Sauti yako imechoka."

"Ni oveni. Joto tu."

Mama, aliyekuwa akikunja masanduku ya keki, alisubiri simu ikatwe. "Anataka kuniweka mbele ya televisheni yake," alisema bila kuinua macho. "Nitakufa kabla matangazo hayajaisha."

Basi Kimya akafanya alichoweza kukifanya bila kufungua mdomo. Alichukua chupa tupu ya bita, akaunguza sukari kwenye sufuria mpaka ikawa nyeusi, akaizimua kwa maji, akaijaza mle, akaiweka kwenye rafu ya mama. Rangi ilikuwa ile ile. Chupa ya kweli akaificha ndani ya pipa la unga wa mahindi, ambao hawakuutumia sana. Kuanzia hapo mama alitikisa maji apendavyo, na Kimya akampisha, kisha akatia vijiko vyake vya bita ya kweli mama alipotoka kufungua dirisha la duka.

Kulisikia ni jambo dogo. Lakini kulifanya kila siku ni kuishi maisha mawili kwa mwili mmoja. Ilimbidi aamke kabla ya mama ili aandae krimu na shira peke yake, kwa sababu hizo zilidondoshewa mapema. Ilimbidi aonje kila kitu na asionekane anaonja. Ilimbidi aunuse mtungi wa gesi, maziwa, mayai na siagi, awe pua ya watu wawili na mdomo wa watu wawili, huku uso wake ukiwa wa mtu asiye na lolote. Jioni alikaa juu ya gunia la sukari avue viatu, akalala na kiatu kimoja mkononi. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za kuungua zilizopandana, maana mtu aliyechoka huugusa mlango wa oveni kama anaugusa mto.

"Unakonda," mama alimwambia siku moja, akimpakulia mchuzi.

"Sijambo, mama."

"Sijakuuliza hujambo. Nimesema unakonda." Akautikisia mchuzi wake maji ya sukari kwa mkono wenye mbwembwe, akaonja, akaitikia kwa kichwa kana kwamba kuna mtu amemwambia jambo la hekima. Kimya aliinamia sahani. Hapo ndipo uchovu ulipomuuma kuliko mahali pengine popote: si miguuni, ni pale mama alipojifanya anaonja, naye akajifanya anaamini.

Kisha ikaja kazi ya matroni. Matroni wa hospitali alikuwa anastaafu, na manesi wake walichanga wakataka keki kubwa ya chokoleti yenye shira ya machungwa na krimu, ya kulishia wodi zote. Mama aliipokea kazi hiyo kama mtu aliyeitwa jukwaani. Huyo matroni ndiye aliyemzalisha mama siku Kimya alipozaliwa.

"Hii naifanya mwenyewe," alisema. "Wewe utanipa vyombo tu."

Kimya hakulala vizuri. Aliamka gizani, akatengeneza shira, akatoa chupa kwenye pipa la mahindi, akapima, akafuta chupa, akairudisha. Halafu akafagia. Halafu akawasha oveni. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe, na yeye anaifuata nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Mama akaingia amejifunga aproni iliyopigwa pasi. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akashika chupa, akadondosha tone lake.

Hakulilamba.

Alikaa anautazama mkono. Akaupuliza kidogo. Kimya alikuwa ameshika mayai mawili, moja kila mkono.

"Leo umenipa yenyewe," mama alisema.

Kimya hakuelewa mara moja. Kisha macho yake yakaenda kwenye pipa la mahindi, yakarudi kwenye chupa mkononi mwa mama, akaona kilichotokea kama mtu anayeona gari linarudi nyuma kuelekea ukutani. Jana jioni, akiijaza upya chupa ya mama huku anasinzia, alikuwa amezibadilisha. Ya kweli ilikuwa kwenye rafu, na kwenye shira ya matroni, ambayo kwa uchovu hakuionja, alikuwa ametia maji ya sukari iliyoungua.

"Mama..."

"Hii inapoa," mama alisema, akimwonyesha mkono. "Ina pombe. Ukiiweka kwenye ngozi inapoa kama upepo, na kabla hujamaliza kupumua imekauka. Ile nyingine unayoniwekea haipoi. Inakaa tu, halafu inanata." Akaivuta stuli, akakaa. "Ulimi umekwenda, pua imekwenda. Ngozi bado ninayo."

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza uliyoniwekea. Nilidondosha, nikasubiri baridi, haikuja. Nikasema, huyu mtoto kaniwekea maji." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. "Nikatikisa hivyo hivyo. Nimetikisa maji kama mganga, na wewe umesimama hapo na adabu zako."

Kimya aliyaweka mayai mezani. Moja likabingirika, akalizuia. Kitu kilikuwa kinampanda kifuani, na kwa mshangao wake hakikuwa huruma.

"Kumbe unajua," alisema polepole. "Unajua, na unaniacha niamke gizani. Unaniona nalala na kiatu mkononi."

"Na wewe unaniona nakoroga maji, unaniacha."

"Nilikuwa nakuficha ili kaka asijue."

"Najua kwa nini ulikuwa unanificha."

"Ungeniambia basi."

"Nikuambie nini?" Mama alisugua mgongo wa kiganja chake ingawa ulikuwa umekauka kitambo. "Nikisema kwa mdomo wangu kwamba sionji, nimebaki na nini humu ndani? Nimekuwa mzee anayekalia stuli. Nikaona wewe umenyamaza, nikaona na mimi ninyamaze, siku ziende. Nikajua unachoka. Kila siku nikasema kesho nitamwambia. Ikifika kesho nakuona umesimama na yai, sura imekwisha, naogopa. Nilikuwa naogopa ukiacha kunificha, utakuwa umeshampigia kaka yako."

"Sikuwahi kumpigia."

"Sasa najua."

Nje, fundi viatu alikuwa anagonga dirisha. "Kuna watu humo, au leo tunakula mbao?"

"Subiri," mama akapaza sauti. "Mbao ziko kwenye oveni."

Akamgeukia binti yake. Oveni ilikuwa inaunguruma taratibu. Shira ya matroni ilikuwa mezani, inang'aa, tamu tupu, haina uchungu hata chembe, na hapakuwa na mtu wa kuirekebisha ila mmoja. Kimya alilijua hilo. Alijua pia kwamba angeweza kuchukua chupa ile kimya kimya, akapima, akakoroga, na siku ikaendelea kama zile nyingine, na mama angemruhusu. Mikono yake ilikwishaanza kuielekea chupa. Akairudisha, akaikunja kwenye aproni.

"Kama una neno, liseme," mama alisema. "Nimezaa watoto wawili. Mmoja hanyamazi, mwingine haongei. Mimi nimechoka kubahatisha."

Kimya aliongea akiwa anatazama sakafu, halafu katikati akainua macho, kwa sababu sakafu haikuwa ndiyo iliyotakiwa kusikia.

"Nimechoka, mama. Nimechoka kuliko ninavyoonekana. Sitaki kuamka tena gizani nikufiche, wala sitaki uende kwa kaka. Nataka tufanye kazi hii mchana, mbele ya watu. Wewe uniambie kitu gani kinataka uchungu na kwa nini, kwa sababu hilo silijui, mimi najua kupima tu. Kuonja nionje mimi. Na ukitia mkono kwenye chupa kabla sijaonja nitakwambia acha, kwa sauti, hata kama fundi yuko dirishani, na wewe utaacha. Jumapili kaka akipiga, simu nitaishika mimi, nitamwambia mama haonji tena na hatoki hapa, kwa sababu siwezi kuliendesha duka hili bila yeye, ila na hivi tulivyokuwa tunakwenda siwezi pia."