Kilima cha Bwana Ardhi

Wanafunzi walimwita Mama Moto. Alijua, na hakuwahi kuwakataza, kwa sababu jina hilo lilikuwa na mwenzake: mume wake, aliyefundisha naye chuo kimoja na kugombea naye feni moja ofisini, aliitwa Bwana Ardhi. Walizoeleka wakitembea pamoja kwenye zile korido, huyu akibishana, yule akiitikia bila kusikiliza. Sasa Mama Moto alitembea peke yake, na huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Majina yalitokana na kazi yao. Wawili hao walijenga mlima ndani ya kompyuta. Ulikuwa mlima wa kweli, ule ambao Mama Moto alizaliwa kwenye mteremko wake, ila huu ulienea kwenye ukuta wa darasa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na huu uliundwa kwa miaka. Mume alitengeneza ardhi: aliigawa miraba midogo midogo, kila mraba akaupa kimo chake, mpaka makorongo na mabonde yote yakatokea. Mke alitengeneza moto: lava itoke kasokoni, kwenye mdomo wa mlima, ikiwa na joto gani, iwe nzito au nyepesi kiasi gani, ipoe vipi, isimame wapi. "Ardhi yangu, moto wako," mume alikuwa akisema, "na ardhi yangu usiiguse." Hakuigusa. Ndoa nyingi zimevunjika kwa kukosa mpaka wa namna hiyo.

Nyumbani kwake meza ya chakula ilikuwa na viti viwili. Cha pili alikuwa amekijaza mafaili mpaka juu, ili akila asione kwamba hakina mtu. Ujanja huo haukumdanganya hata siku moja, lakini mafaili yalibaki pale pale.

Siku hiyo mchana alikuwa na mwaka wa pili. Alianza kama kawaida kwa kumwaga shira kwenye ubao ulioinamishwa, ya moto kwanza, kisha ya baridi, waone jinsi moja inavyokimbia na nyingine inavyojikokota. Halafu akawasha mlima ukutani, akawaachia wachague wenyewe pa kuupasua. Darasa likageuka uwanja wa mpira. Lava ikateremka, wakapiga makofi. Watu hushangilia maafa yakiwa ukutani.

Binti mmoja wa mbele, mwenye miwani, hakushangilia. "Mwalimu," alisema, "mbona kila tukipasua upande huu, lava ikifika hapa inagawanyika? Na hii miraba ya nyuma inabaki kijani yote. Hapa pana nini?"

Mama Moto hakuhitaji hata kugeuka. "Hapo pana nyumba, na nyumba imekaa juu ya kilima. Lava haipandi, inazunguka."

"Kilima kidogo hivyo, peke yake katikati ya mteremko?"

"Hata watu wako hivyo," alijibu, na darasa likacheka. Binti naye alicheka, ila ilionekana wazi kwamba hajashiba.

Kuuliza si ujinga, na swali lile lilimfuata Mama Moto mpaka ofisini, likakaa naye mezani, likamngoja amalize chai. Nyumba ile ilikuwa ya baba yake. Kaka yake mkubwa aliishi mle peke yake, ndugu pekee aliyembakia duniani. Mlima wao wa kompyuta ulijengwa kwa ajili ya kufundishia tu, lakini baada ya msiba wa mumewe kamati ya maafa ilikuja kuuomba, maana mwingine haukuwepo. Kutokana nao Mama Moto alichora ramani: wa nyekundu wajiandae kuhama, wa kijani wakae kwa amani. Nyumba ya kaka ilitoka kijani. Alifurahi akampigia simu siku ile ile. Sasa ramani ilikuwa inangoja neno lake la mwisho ibandikwe kila penye ukuta kule mlimani.

Lakini kilima? Alifumba macho, akajirudisha uani kwa baba. Mvua zikinyesha, maji ya mteremko mzima yaliishia kwao. Yeye na kaka yake waliyachota kwa ndoo mlangoni, kuku wamepanda mezani, mama anawagombeza kuku na watoto kwa pamoja. Maji hayatuami kilimani. Nyumba ilikuwa bondeni, tena bonde hasa, na yeye alilijua hilo tangu utoto. Miaka yote hiyo alikitazama kile kilima ukutani bila kujiuliza, kwa sababu mtu hachunguzi habari njema.

Akaifungua ardhi ya mumewe, kwa mara ya kwanza. Miraba ya kuzunguka nyumba ilikuwa na vimo vyenye desimali ndefu, kama kawaida, maana mlima haujui namba nzima. Mraba wa nyumba ulikuwa umepandishwa juu ya wenzake kwa mita kumi. Kumi kamili, bila desimali. Ule haukuwa mkono wa mlima.

Akakumbuka siku walipouwasha mlima mara ya kwanza. Lava ilishuka moja kwa moja, ikapita juu ya nyumba ya baba yake. Mama Moto alitoka nje, akarudi na macho mekundu, akasingizia vumbi. Siku chache baadaye lava ikaanza kupita pembeni. "Nilikosea vimo, nimerekebisha," Bwana Ardhi alisema bila kuinua uso, na yeye akamkumbatia kwa uangalifu wake. Kumkumbatia mwongo kwa uongo wake!

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama Moto alishikwa na hasira, akataka kumgombeza mpaka korido nzima isikie, na hapakuwa na wa kugombezwa. Wajane wenzake walimwonya kuhusu kitanda, kuhusu sikukuu, kuhusu kupika kingi. Hakuna aliyemwonya kuhusu hili. Alilia kidogo, kwa kelele kidogo.

Ilibidi kilima kifutwe, hilo halikuwa na mjadala. Nyuma yake zilikuwepo nyumba za watu, kijani zote kwa uongo wa mita kumi. Lakini mashati ya marehemu yalishagawiwa, sauti yake ilishafutika kwenye simu, na kile kilima ndicho kitu pekee cha mkono wake kilichokuwa bado kikifanya kazi. Kila muhula kilisimama mbele ya moto kwa ajili ya mkewe. Akachukua simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo umenikumbuka mchana? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Uko wapi?"

"Nimekaa mlangoni, nawatazama kuku. Wao hawanitazami."

"Kaka, hapo nyumbani pana kilima?"

Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Kilima! Hapa tulipochota maji mpaka tukaota sugu?"

"Nilikwambia uko salama. Si kweli. Shemeji yako aliinua ardhi kwenye kompyuta, na mimi sikujua."

"Mimi nilijua," kaka akasema.

Mama Moto aliinuka, akakaa tena.

"Aliniambia mwenyewe, alipokuja huku mara ya mwisho. Akasema, shemeji, siku mlima ukikohoa usingoje mtu, toka mbio. Akaongeza, nimemdanganya mke wangu kidogo, sipendi anavyokuwa kimya akitoka darasani. Akaniomba nisiseme."

"Lakini mimi nilikupigia! Nikakwambia kaa hapo hapo, usihangaike. Mbona hukufungua mdomo?"

"Ulikuwa unacheka," kaka alisema. "Tangu msiba nilikuwa sijakusikia ukicheka. Ningeanzia wapi?"

Wanaume wawili walikuwa wamemzungushia Mama Moto ukuta wa mita kumi, naye akakaa ndani yake akidhani ni dunia. Alijisikia kupendwa sana na kuwa peke yake sana, yote kwa pamoja.

"Nyuma yako kuna watu," alisema mwishowe. "Mpaka kule chini kisimani, wote nimewapaka kijani."

"Wale wenye watoto?"

"Hao hao."

Utani ulikuwa umemtoka kaka. "Hilo sikulijua. Mimi nilihesabu shingo yangu tu. Futa, mdogo wangu."

"Nikifuta..."

"Futa. Na simu usikate. Fanya nikiwa hapa."

Akafuta kumi ya mumewe, akaweka kimo cha kweli. Akaupasua mlima upande ule alioutaja binti mwenye miwani.

"Imeanza?" kaka aliuliza.

"Imeanza."

"Imefika wapi?"

"Njia panda. Inashuka kwenye mihogo. Imefika uani."

"Ikaribishe ndani, isisimame nje kama mgeni."

Alicheka, machozi yakimwingia mdomoni. "Imeingia, kaka."

"Chumba cha mama?"

"Mraba mmoja ni nyumba nzima. Haichagui chumba."

Kaka hakutania tena. Kwenye simu walisikika kuku tu. Lava haikugawanyika, ilipita juu ya nyumba, ikaendelea chini, na miraba ya kijani ikawa myekundu mmoja baada ya mwingine mpaka kisimani.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Basi." Kaka alisikika akiwafukuza kuku mlangoni. "Nilikuwa najiambia nalinda nyumba. Kumbe nimezoea tu. Wale wa kisimani wakiniona nafunga mizigo, wataamini ramani yako." Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba asichopenda kuomba: "Nikija huko nitalala wapi? Nisije nikakubana."

"Kunibana?" alisema Mama Moto. "Kaka, nafasi ndiyo kitu pekee nilicho nacho."

Kabla ya kutoka ofisini aliituma kwa kamati ramani mpya, nyekundu mpaka kisimani. Jioni, nyumbani, aliyatoa mafaili kwenye kiti cha pili, akayapanga sakafuni. Kiti kilikuwa cheupe kwa vumbi. Akakifuta, akakaa kwenye chake, akala huku akikitazama. Kilikuwa kitupu kweli kweli, na basi la kaka lilikuwa la Jumamosi.