Kisanduku Chini ya Meza ya Dada

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, dada yangu alichukua kitambaa cha njano akafuta vumbi mezani pake. Alianza na kioo cha kompyuta, akashuka kwenye kibodi, kisha akainama, mkono mmoja kiunoni, akakifuta kisanduku cheusi nilichokibandika chini ya meza kwa utepe wa gundi. Kilikuwa kidogo kama kiberiti, na kilikuwa na taa moja ya kijani. "Hiki kanifungia mdogo wangu," aliwaambia walimu waliopita kuchukua chaki. "Kinazuia umeme usiniunguzie mashine." Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, na nilikuwa nimemdanganya.

Kisanduku kile hakikuzuia umeme wowote. Kazi yake ilikuwa kunionyesha kioo cha kompyuta ya dada kule kwenye karakana yangu, mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni, na kuniwezesha kusogeza mshale wake na kuandika kana kwamba nimekalia kiti chake. Dada alikuwa katibu wa shule ile kwa miaka ishirini na sita. Karibu yote aliipitisha kwenye taipureta, na kompyuta ilipoletwa ilimkuta na miaka hamsini na minne. Mwalimu mkuu aliniita pembeni. "Fundi, dada yako namheshimu sana," aliniambia. "Lakini barua zinatoka na makosa, na wazazi wanaziona. Ikiendelea hivi nitamwomba akapumzike." Nilimwomba anipe muda kidogo, nitamfundisha. Jumamosi iliyofuata nikaenda kufunga kisanduku, na dada mwenyewe ndiye aliyenishikia tochi.

Ningeweza kumwambia ukweli, lakini nilijua angekataa. Dada si mtu wa kufanyiwa. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita na yeye ishirini, na ndiye aliyenifundisha kuandika kwenye meza ya jikoni. Alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, na nilipokosea hakuishika penseli yangu hata siku moja. Alisema tu, "Hapo. Futa mwenyewe." Nililia kwa hasira mara nyingi, nikidhani ni ukali tu. Leo mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa madaktari wengi, ingawa hiyo nayo si sifa ya kujivunia sana.

Kwa hiyo nikashika njia yangu. Kila alasiri alipokwenda kunywa chai chumba cha walimu, niliingia kwenye kompyuta yake. Nilinyoosha jedwali lililopinda, nilirekebisha tarehe, nilipanga aya, nikahifadhi na kutoka kabla hajarudi. Mwezi haukuisha, mwalimu mkuu akamsifu mbele ya kikao cha wafanyakazi. Dada alinipigia simu siku hiyohiyo, sauti imechangamka kama ya msichana. "Mdogo wangu, kumbe mashine hii haina ugumu," alisema. "Ni kuizoea tu."

"Si nilikwambia," nikajibu.

Nilijiona mjanja. Nilijiona ndugu mwema pia, na hilo ndilo lililonilevya zaidi.

Kisha ikaja wiki ya mitihani, na dada akatengeneza mpango wa viti vya ukumbini. Niliufungua alipokwenda chai. Viti vilipangwa kwa nambari, moja, mbili, tatu, nne, kisha thelathini na moja, halafu tano. Nikatabasamu. Nilitabasamu kweli, peke yangu pale karakana, nikasema kwa sauti, "Dada naye." Nikaichukua thelathini na moja kutoka mstari wa mbele, nikairudisha kwenye mfululizo wake, mstari wa mwisho kando ya dirisha. Nikahifadhi, nikarudi kwenye redio niliyokuwa nikiitengeneza. Hata nusu dakika haikupita.

Siku nne baadaye nikaitwa shuleni kubadilisha wino wa printa. Nilipofika mlangoni pa ofisi, dada alikuwa amesimama mbele ya mwalimu mkuu, na kando yao mama mmoja aliyevaa sare ya hospitali, inaonekana katoka zamu moja kwa moja. Yule mama hakuwa akipiga kelele. Alisema binti yake hasikii kabisa sikio la kushoto, na la kulia linasikia kwa kubahatisha. Alisema katika mtihani wa kusikiliza mwalimu amesoma kifungu mara mbili akiwa mbele ya ukumbi, na binti yake, nyuma kule dirishani, ameambulia maneno matatu. Amerudisha karatasi karibu tupu.

"Kwa nini hakunyoosha mkono?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Waliambiwa atakayehama kiti atatolewa nje. Huyu mwanangu ni mtu wa kutii, Mwalimu." Kisha akamgeukia dada. "Na wewe, dada yangu, uliniahidi. Ulisema atakaa mbele."

"Nilimweka mbele," dada alisema.

Mwalimu mkuu akampa ile karatasi ya viti. Dada aliitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena, akaitazama upya. Aliitafuta ile nambari mbele, mahali alipoiweka kwa mkono wake, akaikosa. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari mpaka dirishani. Hapo akainua macho na kunitazama mimi pale mlangoni, mara moja tu, nadhani kwa kuwa nilikuwa mtu wake pekee mle ndani.

"Basi nimekosea," alisema. "Macho yangu."

Nilikuwa nimeshika kopo la wino kwa mikono miwili. Nikisema, nilijiambia, nitamvunjia heshima mbele ya watu, maana kila sifa aliyoipata itageuka kuwa yangu. Hivyo ndivyo nilivyojieleza saa ile, na maelezo yalikuwa mazuri. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilipita nyuma yao, nikafungua printa nikaanza kuweka wino.

Mwalimu mkuu alisema kamati ya mitihani itakubali mtoto arudie, ila inataka barua ya aliyepanga viti, ieleze ilikuwaje. Iwe mezani kwake Ijumaa, saa sita mchana. "Na tukishaituma," aliongeza, akitazama sakafu, "mimi na wewe tukae tuzungumze kuhusu kupumzika kwako." Dada aliitikia, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ileile aliyoitumia kupokea simu.

Siku mbili sikula vizuri wala sikufanya kazi ya maana. Mara mbili nilifika hadi geti la shule nikarudi, na mara zote mbili nilimsalimia mlinzi kama mtu aliyekuwa na safari nyingine.

Ijumaa, saa tano kasoro, niliwasha kompyuta yangu na kufungua kioo cha dada. Sijui nilitaka kuona nini. Alikuwa ameanza barua. Maneno yalikuwa yakitoka herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja cha kila mkono, nami nikayasoma kadiri yalivyotokea.

Mimi ndiye niliyepanga viti vya ukumbi. Nilikusudia kumweka mtahiniwa nambari thelathini na moja mstari wa mbele. Sijui ilikuwaje nikamweka nyuma. Nadhani ni macho yangu na umri wangu.

Mshale ukasimama. Kisha ukarudi nyuma taratibu, ukalifuta neno "nadhani".

Nilivumilia yote, hilo sikuliweza. Mikono yangu ilishuka kwenye kibodi kabla sijaamua, na chini ya maneno yake nikaandika: Dada, si wewe.

Hakuna kilichosogea kwa muda. Sikumwona, niliona kioo tu, lakini nilijua ameondoa mikono mezani. Kisha herufi zikaanza kuja.

Nani.

Mimi, nikaandika.

Safari hii alikaa muda mrefu zaidi.

Uko wapi.

Karakana.

Njoo.

Sikumbuki kama nilifunga mlango. Nilipofika, alikuwa amekiban­dua kisanduku, amekiweka mezani, utepe unaning'inia na ile taa ya kijani bado inawaka. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama mgeni katika ofisi yake mwenyewe.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu. Tangu ile Jumamosi."

"Nilikushikia tochi," alisema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikabaki nimesimama.

"Ripoti za muhula?" aliuliza.

"Nilirekebisha kidogo."

"Na barua ya wazazi? Ile niliyosifiwa kikaoni?"

"Tarehe, dada. Na jedwali. Mengine yote yalikuwa yako."

"Mengine yapi?"

Nilifungua kinywa kumtajia, nikakuta sikumbuki. Nilikuwa nimepita kwenye kazi zake miezi mitano, nikisahihisha huku nikipiga mluzi, na sikujua tena kipi kilikuwa changu na kipi chake.

"Kwa hiyo sitajua," alisema. "Nimekaa hapa nikidhani nimejifunza. Usiku nalala nikijiambia, mama wewe, umeiweza mashine. Na sasa sitajua kama niliiweza au sikuiweza."

"Nilitaka wasikuondoe."

"Najua ulichotaka." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na mimi ningeshukuru angenifokea. "Na yule binti?"

"Niliona nambari imeruka. Nikadhani umekosea."

"Hukufikiria kuuliza."

"Sikufikiria."

Alitazama dirishani. Nje watoto walikuwa wakitoka mapumziko, na mlio wa kengele ulipita ukutani ukaisha. Nilijua kwamba barua yake bado iko pale kwenye kioo, imebakiza sahihi tu. Nilijua pia kwamba angeweza kuitia sahihi hivyohivyo ili kunisitiri, kama alivyonisitiri maisha yangu yote.

"Dada," nikasema, "naomba kiti."

Akaniangalia, akainuka. Nilikaa. Nilifuta maneno yake yote, nikaanza upya kwa jina langu na kazi yangu. Niliandika kwamba nilifunga kifaa bila ruhusa ya mwenye meza. Niliandika kwamba katibu alimweka mtahiniwa mahali panapostahili, na kwamba mimi, nikiwa karakana yangu, nilimhamisha bila kumuuliza mtu. Niliandika pia kwamba nimekuwa nikizigusa kazi za katibu tangu mwezi wa tatu. Sentensi hiyo niliitazama kwa muda, nikageuka kumwangalia. Alitikisa kichwa kukubali, nami nikaiacha.

Alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Sikuhitaji kugeuka tena ili kulijua hilo. Mara moja nilikosea neno, nikasubiri aseme. Hakusema, nikalitafuta nikalifuta.

Nilipomaliza aliinama karibu na kioo, akaisoma yote, midomo ikicheza, kidole kikifuata mistari. Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro dakika ishirini.

"Imekaa vizuri," alisema. "Lakini umeruka mahali."

Niliipitia kwa macho kutoka juu hadi chini. "Wapi?"

"Siku ya printa. Ulikuwa umesimama pale mlangoni na wino mkononi." Alinigeukia. "Nilikutazama."

Nikavuta kiti mbele. Dada alichukua kitambaa chake cha njano, akaanza kufuta meza upande wake, taratibu, akakizunguka kile kisanduku bila kukigusa. Nikaweka mshale mwisho wa mstari, nikaandika: Nilikuwepo.