Sala ya Askofu

Chuo chetu cha Biblia kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya bwenini, mpishi alikuombea afya kutoka jikoni. Siku hizi wanafunzi wana viyoyozi na bado wananung'unika. Sisi tulikuwa na somo la Kigiriki, na mwalimu wake, mzee mkavu asiyecheka na mtu.

Kabla ya kila mtihani alitaka mmoja wetu aombe. Tulimsukuma mbele mwenzetu tuliyembatiza jina Askofu, kwa sababu sala zake hazikuwa na mwisho. Aliombea wagonjwa, wasafiri, wajane, mpaka kuku wa chuo. Mwalimu alifumba macho, viganja usoni, nasi tukafungua madaftari chini ya meza na kukariri vitenzi mbiombio. Amina ilipotamkwa, madaftari yalikuwa yameshafungwa. Tulijiona wajanja kweli.

Juzi tulikwenda kumwona mwalimu hospitalini. Amebaki mifupa mitupu na ile sauti yake. Mkewe, mama aliyetupikia chai kila Jumapili, alitupangia viti kuzunguka kitanda. Mwalimu akamwambia Askofu aombe, kisha akafumba macho, viganja usoni kama zamani.

Askofu, ambaye sasa ana mvi na kanisa lake, alianza vizuri. Alipofika kwa wagonjwa, akaanza kulia. Akasema Amina upesi.

Mwalimu hakuondoa viganja.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Wenzako hawajamaliza kusoma."