Mkono Mtulivu wa Injinia Tassinari

Kiwanda cha pikipiki cha Ghisoni, nje kidogo ya Bologna, kilikuwa na ada moja iliyoanzishwa na mzee Ghisoni mwenyewe kabla hajafa: mhandisi yeyote atakayemwambia mwendeshaji wa majaribio "kosa ni lako" atavaa suti ya ngozi, atapanda pikipiki inayobishaniwa na kuzunguka uwanja mara moja, wenzake wakimtazama. Kwa miaka ishirini na miwili Injinia Learco Tassinari alilikwepa neno hilo kwa ustadi mkubwa. Alisema "tuuangalie upya mtindo wa uendeshaji." Alisema "pengine ni upepo." Siku moja alisingizia mwezi mpevu. Halafu Jumatatu moja ya mwezi Mei, kikao kimerefuka na njaa inamuuma, likamponyoka.

"Nives, kosa ni lako."

Fundi Oriano, bwana mnene ambaye hakuwahi kuwa na haraka na jambo lolote, akainuka bila kuagizwa na kwenda kutafuta suti ya ngozi ya saizi ya Injinia. Hakuipata. Akaleta iliyokaribia.

Na hapo lazima ujue Learco alikuwa mtu wa namna gani. Pikipiki yenyewe ilikuwa na silinda nne, nguvu za farasi mia mbili na kumi na sita, valvu zinazofungwa kwa mkono wa chuma badala ya springi, na magurudumu ya kaboni ambayo ungeyainua kwa vidole viwili. Programu yote ya kompyuta iliyoiongoza aliiandika yeye. Na kila asubuhi bingwa huyo alikuja kazini kwa baiskeli yenye kikapu, akishuka na kuikokota kwenye kilima cha daraja la reli. Leseni ya pikipiki alikuwa nayo, ndiyo. Aliipata jeshini, na tangu hapo ilimfaa kama kitambulisho benki. Haya yote aliyasimulia mwenyewe kabla hujamuuliza, kwa sababu aliamini kwamba mtu akiwahi kujicheka, wengine hubakiwa na kazi ndogo.

Ugomvi ulikuwa huu. Nives Casadei, mwanamke wa Rimini wa miaka arobaini na mitatu, alikuwa amezijaribu pikipiki za Ghisoni kwa miaka kumi na mitano. Wiki tatu nyuma alianguka kwenye kona ya nne na bega likateguka. Aliporudi alisema maneno yale yale aliyoyasema akiwa bado amelala kwenye kokoto.

"Nikiachia mafuta niingie kona ya nne, badala ya kupunguza mwendo inanisukuma. Kidogo tu. Kama mtu kanitia bega mgongoni."

"Kwenye mchoro hakuna kitu," Learco alijibu.

"Basi mchoro wako haujawahi kupanda pikipiki, Injinia."

Mchoro huo ndio ulikuwa fahari yake. Vifaa vya pikipiki hurekodi kila kitu, hata mtetemo wa mkono wa mwendeshaji, na zamani mistari kwenye kompyuta ilitoka imejaa manyoyamanyoya. Miaka kumi na saba iliyopita Learco akaandika kichujio cha kuyaondoa manyoya hayo. Chochote kilichodumu chini ya theluthi moja ya sekunde, kichujio kilikifuta, na mstari ukatoka laini. Wenzake walimpongeza, wakamlipia chakula cha mchana, kisha wakasahau kwamba kichujio kipo. Naye, kwa kweli, alikuwa amesahau pia.

Mkurugenzi Gamberini alikuwa ameshaamua. Mchoro usipoonyesha huo msukumo kufikia Ijumaa, Nives atapewa meza ofisini na mwendeshaji mwingine ataletwa kutoka Brescia. "Akili yake bado iko pale alipoanguka," alisema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuandika barua.

Basi Alhamisi asubuhi Learco akasimama kwenye gereji ya uwanja karibu na Misano, huku Oriano akihangaika na zipu.

"Vuta pumzi, Injinia. Zaidi. Hebu niambie, hili tumbo ni la kiwanda au la mkeo?"

"La mama mkwe. Kila Jumapili ananipimia tambi kwa koleo."

Nives ndiye aliyemfunga helmeti, kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa bado unamuuma. "Ukishainama kwenye kona usiguse breki ya mbele," alisema. "Na usije ukafa. Watasema ni mimi."

Learco akaondoka. Alizijua namba zote za pikipiki ile, uzito wa kila nati, joto la mafuta kwa kila mzunguko, na ilipounguruma chini ya makalio yake akagundua kwamba namba hazina sauti wala hazitetemi. Kwenye barabara nyoofu alifika mwendo ambao katika ripoti zake aliuita "wa wastani". Macho yalimtoka. Kona ya kwanza aliipita kama anayeingia msikitini, ya pili vilevile, na kwenye ya tatu akaanza kujiona kijana.

Kwenye ya nne akaachia mafuta, na pikipiki haikupunguza mwendo. Ilimsukuma. Kidogo tu, lakini kwa mtu wa baiskeli yenye kikapu kidogo hicho kilitosha. Akamwita Bikira Maria wa San Luka kwa sauti, akamwahidi kupanda kwa miguu hadi kanisani kwake, kule kilimani juu ya Bologna, na kumwachia mama mkwe wake maneno yote ya mwisho, akanyoosha moja kwa moja hadi kwenye lami ya pembeni, iliyowekwa kwa ajili ya walioshindwa kona. Pale akasimama. Alipoweza tena kuhema, akajiambia kwamba ni woga wake, na kwamba woga humfanya mtu ahisi mengi.

"Tulidhani umepitia kahawa," alisema Oriano alipomwona anarudi.

Wakamkalisha mbele ya kompyuta bado akiwa ndani ya suti, kwani zipu ilikataa kufunguka. Gamberini akaja, akavaa miwani, akainama. Kisha akapiga makofi.

"Learco! Tazameni mkono huu! Umetulia kabisa. Mwanamume ametufichia miaka yote hii!"

Mstari wa mkono wake wa kulia ulipita kwenye kioo safi kabisa, bila doa. Hata Oriano alivua kofia kwa heshima. Na Learco, Mungu amsamehe, alifurahi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na hakuna aliyewahi kumsifia mkono, mguu, wala kiungo kingine chochote. Akaanza kufikiri kwamba huenda kweli ana kipaji, na kilichomponza maisha yote ni baiskeli.

"Na kona ya nne ni safi," Gamberini akaendelea. "Hakuna msukumo. Nives, samahani sana, lakini umeona mwenyewe. Kuanzia Jumatatu utakuwa ofisini."

Nives alianza kukunja glavu zake.

Learco akakitazama kile kipande cha kona ya nne. Ni hapo alipomlilia Bikira kwa sauti. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka hadi akauona kwa macho yake mwenyewe, na mstari uliokuwa mbele yake ulikuwa wa mtu anayenywa supu. Basi huyo aliyesifiwa hakuwa yeye. Akakumbuka manyoya. Na kwa muda ambao baadaye aliuonea aibu kuliko mambo mengine yote, akafikiri kunyamaza. Ingekuwa rahisi. Angekuwa bingwa hadi kustaafu.

"Subirini," akasema. "Huo si mkono wangu."

Akafungua ukurasa ambao hakuna mwingine aliyejua kuufungua, akakizima kichujio. Mstari ukaota manyoya kuanzia mwanzo hadi mwisho, vilima na mashimo, na kwenye barabara nyoofu kulikuwa na fujo iliyomfanya Oriano akae chini.

"Hapa ulikuwa unaendesha au unapiga ngoma?"

Wakacheka wote, Gamberini hadi akavua miwani. Learco aliwaacha wacheke. Kisha akaufungua mzunguko wa Nives wa siku aliyoanguka, nao bila kichujio. Mkono wake ulikuwa umetulia kweli. Lakini kwenye mstari wa mwendo, kona ya nne, mara tu alipoachia mafuta, palikuwa na ngazi ndogo, robo ya sekunde, ambapo pikipiki iligoma kupunguza mwendo. Akafungua mzunguko uliotangulia. Ngazi ipo. Ule wa kabla yake, ipo. Akarudi kwenye wake mwenyewe, akatafuta katikati ya aibu yake, akaikuta hapo hapo, upana ule ule.

Gamberini akairudisha miwani machoni.

"Ni programu yangu inayosukuma," Learco akasema. "Na ni kichujio changu kilichoficha."

Gamberini alitoka nje kupiga simu Brescia kumghairi yule mwendeshaji, akaufunga mlango taratibu. Nives aliusogelea mchoro, akaigusa ngazi ile kwa kidole, kisha ile nyingine.

"Wiki tatu, Learco," alisema. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Wiki tatu nalala nikiuangalia mkono wangu gizani, nikiuuliza kama umeisha."

Learco akatafuta la kujichekea. Alikuwa nayo chungu nzima: suti, zipu, tumbo, baiskeli. Hakuna hata moja lililofaa kutamkwa mbele ya mwanamke huyo. Akavuta kiti, akampa akae, akachukua kalamu.

"Nieleze tena inavyosukuma," akasema. "Tangu mwanzo. Safari hii nitaandika."