Kaa Hapo Hapo Ulipo

"Na nikiwaachia mkono huko, itakuwaje?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Fransiska, ambaye wote hapa Bashay tulimwita Mama Agustino. Wanawake wa jumuiya tulikuwa tumekaa barazani kwangu tunachambua maharage. Ilikuwa Kwaresima, wiki ya nne. Mimi nilikuwa na daftari mapajani kwa sababu mimi ndiye katibu wa jumuiya yetu. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka, na jambo nikishaliandika silisahau.

Tulikuwa tunapanga safari ya Arusha. Jumatatu ya Pasaka kulikuwa na tamasha la kwaya, parokia nyingi zinaimba siku nzima kwenye uwanja mmoja mkubwa. Jenifa, mjukuu wa Mama Agustino, ambaye ni fundi cherehani huko Arusha, alikuwa amepewa kuimba peke yake mwanzo wa wimbo mmoja. Bibi yake alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Alituambia baada ya rozari, "Kumwona sitamwona tena. Basi nimsikie." Hakuna aliyeweza kumjibu hapana. Tukawa wanawake kumi na wawili, tukamwomba Sulle mwenye kosta atupeleke.

Kila mtu anajua Arusha ya sikukuu. Mabasi yanajaa wiki nzima kabla, njiani watu wanabanana, mjini huoni pa kuweka mguu. Ndiyo maana nilipanga kila kitu kwenye daftari. Tutoke Jumapili baada ya misa ya kwanza, tupite Karatu. Tulale ukumbi wa parokia, kila mtu na shuka lake na chakula chake. Jumatatu tuingie uwanjani mapema, tukae karibu na geti. Kwaya ya Jenifa iliandikiwa saa nane. Saa tisa kamili tutoke kabla umati haujatoka. Hiyo ya saa tisa niliipigia mistari miwili chini yake.

Lakini la kupoteana nilikuwa sijaliandika. Mama Agustino ndiye aliyeliona.

"Si tuseme anayepotea aende kwenye kosta," alisema Helena. Helena ni mdogo kwetu wote na mdomo wake haulali. "Sulle tumbo lake linaonekana toka Karatu. Utamkosaje?"

Tukacheka. Mimi nikamwambia, "Helena, huyu mama haoni. Ataitafutaje kosta? Na magari huko yanahamishwa."

"Basi wewe unasemaje?"

"Afanye kama kwenye ukungu."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Huku juu kwetu ukungu unashuka wakati umesimama na kondoo, na ghafla hata fimbo yako huioni. Mtoto akianza kuchunga, kitu cha kwanza anachofundishwa ni hicho. Ukipotea usitembee. Kaa chini hapo hapo ulipo, funika kichwa na shuka usishikwe na baridi, ita jina la mwenzako. Anayetembea ni yule anayekutafuta, siyo wewe. Mume wangu Tomaso alilijua hilo kuliko mimi. Lakini siku ile ng'ombe mmoja alikuwa amebaki nyuma, akasema ni hatua chache tu, akatembea. Tulimkuta siku ya pili chini ya genge. Toka hapo mimi nimewafundisha watoto wangu na wa wenzangu, na wakisahau nawakaripia. Kwangu ile siyo kanuni ya kuchungia tu. Naweza kusema niliishika kama ninavyoishika Kanuni ya Imani.

Helena alisema, "Arusha hakuna ukungu, dada Marieta. Huko kuna watu."

"Kwa asiyeona ni kitu kimoja," nilimjibu.

Wote wakaitikia. Nikaandika. Halafu nikamfanyisha Mama Agustino mazoezi, kama katekista na watoto wa komunyo ya kwanza. Yeye mwenyewe alifurahia.

"Ukipotea?"

"Nakaa chini."

"Wapi?"

"Hapo hapo nilipo. Nafunika kichwa. Namwita Marieta. Sitoki."

"Mtu akikuambia uondoke?"

"Sitoki mpaka Marieta aje." Akacheka mpaka akakohoa. "Hata Askofu akiniambia."

Jioni yake mwanawe Agustino alipita kwangu, akitoka kulima na ng'ombe. Ni mtu wa maneno machache. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. "Mama anasema mnaenda naye. Mama haoni. Na siku ya sikukuu watu hawaangalii chini."

"Ndiyo maana nakwenda mimi, Agustino. Nitamshika mkono. Nitamrudisha mwenyewe mpaka mlangoni kwako."

"Umesema."

"Nimesema."

Akavaa kofia yake, akaenda. Sikulala vibaya usiku ule. Nilikuwa na daftari.

Safari yenyewe ilikwenda vizuri, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Matope yalitusumbua kidogo kabla ya Karatu, tukashuka tukasukuma, Helena akamwambia Sulle ashuke yeye kwanza gari lipungue uzito. Ukumbini tulilala, asubuhi tukaenda uwanjani wakati mafundi bado wanafunga spika. Tulikaa karibu na geti la chini kama nilivyoandika. Mama Agustino alivaa kitenge cha jumuiya, shuka lake mabegani, na mimi nilimbania ndani ya gauni, kwa pini, karatasi yenye jina langu na namba yangu ya simu.

Saa nane ilifika, kwaya ya Jenifa haikuitwa. Walikuwa wamechelewa kuanza. Saa tisa ikafika. Watu walikuwa wameshajaa mpaka kwenye uzio, na wingu lilikuwa limefunga upande wa mlimani. Nikasema, "Mama Agustino, saa yetu ya kuondoka imefika."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alielekeza tu uso wake kule kwenye spika.

Nikawaambia wenzangu tukae kidogo.

Jenifa aliimba saa kumi na nusu. Sauti yake ilitoka peke yake, nyembamba, haikutetemeka. Bibi yake aliinamisha kichwa na kutikisa mguu taratibu. Machozi hakutoa. Alisema, "Amevuta pumzi mahali pasipo pake, lakini ameimba." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia uwanjani.

Kwaya haijashuka jukwaani mvua ilipiga. Siyo ya matone, ilimwagika yote pamoja. Watu wote wakasimama. Uwanja mzima uligeuka ukaja kwenye geti letu, lile la chini, kwa sababu lilikuwa ndilo kubwa. Tulikuwa tumeshikana mikono kumi na wawili kwa mstari, mimi mbele, Mama Agustino nyuma yangu. Tukaingia getini. Pale kulikuwa na mteremko wa zege, miguu ikaanza kuteleza. Mwanamume mmoja mwenye mtoto mabegani alipita katikati yetu. Hakufanya kwa ubaya. Mkono wa Mama Agustino ukatoka kwenye wangu, umelowa, ukateleza kama samaki.

Nikageuka. Nilimwona Helena, nikawaona wengine. Yeye sikumwona.

Nilijaribu kurudi. Nilisukumwa mpaka nje, barabarani, nikarudi tena, nikasukumwa tena. Niliita. Nilikuwa nasema moyoni, anajua la kufanya, amekaa, ananingoja, mimi ndiye wa kutembea. Hilo lilinipa nguvu. Nataka nilieleze hivyo hivyo lilivyokuwa. Wakati ule nilimshukuru Mungu kwamba nilimfundisha.

Umati ulipopungua simu yangu ikalia, namba nisiyoijua. Mtu akauliza, "Wewe ndiye Marieta?"

Walikuwa wamemlaza pembeni ya geti, juu ya turubai. Watu wa msalaba mwekundu walikuwa wamemfungua gauni kifuani, ndipo walipoiona karatasi. Shuka lake lilikuwa bado kichwani, limejaa tope la viatu. Mlinzi mmoja wa geti, mtu wa makamo, alikuwa amesimama hapo amelowa, anaongea peke yake. Aliponiona nimepiga magoti akasema, "Mama, tulimwambia huyu bibi. Mimi mwenyewe nilimwambia, bibi inuka, hapa ni njia. Nikamvuta mkono. Akaung'ang'ania uzio. Akasema ameambiwa akae. Alikuwa anaita Marieta. Mimi nikasukumwa kule, basi."

Wenzangu walikuwa bado hawajafika. Maneno hayo niliyasikia mimi peke yangu.

Sulle aliwarudisha wanawake Jumanne. Mimi nilibaki hospitalini na Jenifa. Mbavu zilikuwa zimevunjika na damu ilikuwa imeingia ndani. Daktari hakutuficha. Jumatano asubuhi Mama Agustino alifungua macho yake yasiyoona, akatafuta mkono wangu kitandani, akaupata.

"Nilikaa, Marieta," alisema. "Sikutembea."

"Ndiyo, mama," nilimwambia. "Ulifanya vizuri."

Nilimwambia hivyo. Sijui ningemwambia nini kingine. Mchana akafariki, Jenifa akiwa amekwenda kumletea uji.

Tulimrudisha kwa gari la wazi, mimi na Jenifa tumekaa nyuma na jeneza. Agustino alitupokea mlangoni. Alizikwa Ijumaa ya oktava ya Pasaka, wiki ile ile ya sikukuu, padre amevaa nyeupe. Watu wote waliambiwa kwamba mama aliteleza kwenye mvua akaanguka, na umati ukampitia. Sikumwambia mtu hivyo. Lakini walipokuwa wanasema sikufungua mdomo. Helena alinishika bega makaburini akasema, "Usijitese, dada. Ulipanga vizuri." Nilimwangalia usoni kama anajua. Hakuwa anajua. Au alikuwa anajua na ananihurumia. Mpaka leo sijamuuliza.

Jambo hilo nililipeleka kwenye kitubio. Padre akaniambia Mungu anaangalia nia ya mtu. Nikamjibu, "Baba, Mungu anajua. Ila Agustino hajui." Akanipa baraka, akasema niende na amani.

Nilikaa nalo mwezi wa tano wote. Kila asubuhi nikitoka kukamua, Agustino alikuwa ananisalimia kutoka upande wa pili wa ua. Alinipalilia shamba langu la mahindi bila kuambiwa. Nilikuwa nikiona mgongo wake umeinama kwenye mistari yangu, nikajua mahindi hayo nitayala kama mwizi.

Siku moja mwezi wa sita, saa nne asubuhi, alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Safari hii alikaa. Akatundika kofia kwenye msumari pale Tomaso alipokuwa anatundika ya kwake. Nikampa chai.

"Mama mdogo," akasema, "sijakushukuru. Wengine wangemwacha mochwari wakaja kuniita. Wewe ulisema utamrudisha mlangoni kwangu, ukamrudisha. Nimeleta hiki kidogo."

Nikaliona daftari rafuni. Nikaona kama nikinyamaza tena leo, sitasema mpaka nakufa, na kila kibuyu kitakachokuja nitakinywa.

"Agustino, mama yako hakuanguka."

Aliweka kikombe magotini.

Nikamwambia yote. Nilianza na swali la mama yake, pale barazani, kwenye maharage. Nikamweleza ukungu, na mazoezi tuliyofanya, na jinsi alivyocheka. Nikamweleza saa tisa na saa kumi na nusu. Nikamweleza mlinzi alisema nini, neno kwa neno, sikupunguza. Nikamwambia na yale ya hospitalini, niliyomjibu. Nje ng'ombe wake mmoja alikuwa anajikuna kwenye nguzo ya ua wangu, nguzo ikawa inalia.

Agustino alikuwa anaangalia sakafu.

"Yule mtu alimvuta mkono," akasema.

"Alimvuta."

"Mama akakataa."

"Akakataa. Kwa sababu yangu."

"Alikuwa amefunika kichwa."

"Ndiyo."

Akazungusha kikombe. Mimi nilikuwa namngoja anitukane. Niliona heri anitukane, ningeweza kusema nisamehe. Neno hilo lilikuwa hapa kwenye ulimi toka Jumatatu ile.

"Alikuwa anamwita nani, umesema?"

"Mimi," nikasema. "Alikuwa ananiita mimi."

Aliinua uso akaniangalia, mara moja tu, kama mtu anayeangalia mbali kuona kama ng'ombe ni wake au siyo wake. Kisha akaweka kikombe mezani, chai yote imo. Akasimama, akatoa kofia yake kwenye msumari. Kibuyu akakiacha. Akatoka, akamswaga ng'ombe wake mpaka upande wake wa ua.