Neno la Jioni Ile

Mhariri wa kamusi alikuwa na desturi moja nyumbani. Kila jioni, mezani, alimpa mama yake neno lililomhangaisha kazini siku hiyo. Mama alikuwa mshonaji, shule aliiachia njiani, lakini kwa maneno alikuwa na uchu. "Leo umeniletea nini?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

Jioni moja mama akaja na lake. "Mwanangu, kuna kitu kinatembea humu sikioni tangu jana."

Kwa bahati mbaya, mwanawe alikuwa ameshinda na "earwig", jina la Kiingereza la kidudu chembamba chenye koleo mkiani. Mhariri akafurahi kama aliyeokota pesa. Akaeleza kwamba nusu ya kwanza ya jina ni sikio, na nusu ya pili ni neno la kale la mdudu, kwa sababu watu wa zamani waliamini kidudu hicho humwingia mtu sikioni akiwa amelala, kikatoboa mpaka kwenye ubongo.

"Uzushi mtupu, mama. Hawaingii."

"Kumbe porojo ziko kila mahali," mama akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. Hakulitaja tena sikio, na mwanawe hakuuliza. Alikuwa amejibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Usaha wa sikio ulipoanza kuchafua mto wa mama ndipo alipompeleka hospitali. Daktari akatoa mdudu aliyekauka. Hakuwa hata yule wa kamusini. Alikuwa mende mchanga, wa jikoni mwao wenyewe. Ngoma ya sikio ilikuwa imeshaharibika, na sikio lile halikusikia tena. La pili nalo lilikuwa limeanza kuchoka kwa uzee.

Kamusi ilipotoka, akamletea. Mama akalipapasa jalada kama kitambaa cha bei, kisha akamvuta akae upande wa sikio lililobaki.

"Nisomee lile la mdudu."

Akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Alipofika kwenye "imani potofu", akafunika kitabu.

"Mama, kwa nini hukuniambia kwamba sikio linauma?"

Mama akamshangaa.

"Si ulisema hawaingii?" akasema. "Mimi nikajua ni mawazo yangu tu."